Namba Iliyo Chini ya Mpini

Kamenu, Jumapili, baada ya adhuhuri

Baba,

Kesho saa nne asubuhi askari wanakuja kuchukua bastola zako zote mbili. Nimekaa karakanani kwenye kiti chako na mlango nimeufunga. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nililopaswa kukuambia mwezi wa nne, nikanyamaza. Kesho itabidi niliseme mbele ya watu nisiowajua, na sitaki walisikie kabla yako.

Lakini nianze na habari za nyumbani, maana wewe ulipenda mtu aanze na salamu hata kama nyumba inaungua.

Leo ni siku ya ishirini na tano. Mama yuko katika eda, hatoki, na wageni wamepungua. Mama Wambui wa jirani bado huleta maziwa kila asubuhi. Husimama mlangoni na kusema, "Pole, Mama Zuhura, pole sana," kisha anaviona viatu vyako pale kando ya mlango na kuondoka haraka. Hakuna aliyevitoa. Chumba changu cha kupanga kule Kimbo nimekifunga kwa muda, naenda huko Jumamosi tu kufagia na kumwambia keateka, mwangalizi wa nyumba, kwamba sijahama. Asubuhi naenda kazini Eneo la Viwanda nikitokea hapa. King'ora cha kiwanda chako cha zamani bado kinalia, na Mama bado anainua macho kuangalia saa ya ukutani kama ulivyokuwa ukifanya wewe, kuona ni nani amechelewa, saa au kiwanda.

Kazini napima vifuniko vya mikebe kama kawaida. Wiki iliyopita nilipitisha boksi zima lenye kasoro. Msimamizi alilirudisha mezani kwangu bila kusema neno, kwa kuwa nina msiba. Nilitamani angesema.

Mama pia bado anadai kwamba nilimchukulia drai yake ya kukaushia nywele nikaipeleka Kimbo. Nimemwapia sikuichukua. Haniamini. Hilo nalo ni la tangu mwezi wa nne, na hata msiba haujalifuta.

Sasa bastola.

Mzee Kariuki, mwenzako wa shabaha, ndiye aliyenipeleka kituoni kutoa taarifa. Alivaa lile koti lake la kahawia la siku za mashindano, akanyamaza njia nzima, na wewe unajua kunyamaza kwake ni ugonjwa. Tulipokuwa tukisubiri kwenye benchi akasema, "Leseni ni ya mtu, Zuhura, si ya nyumba. Fundi ameenda, leseni imeenda na yeye." Inspekta wa silaha ni mama wa makamo mwenye miwani ya kusomea. Alikitazama cheti chako kwa muda mrefu. Mistari miwili, namba mbili. Akasema tusiziguse, sefu ibaki imefungwa, ufunguo ukae na Mama, na wao watakuja wenyewe wakipata gari.

"Tutasoma namba ya kila moja," akasema. "Ikilingana na cheti, tunaandika, tunaenda. Isipolingana ama isipoonekana, hiyo ni silaha haijulikani imetoka wapi, na mwenye nyumba atakuja hapa kuandikisha taarifa."

Nikamuuliza mwenye nyumba ni nani sasa.

"Si mama yako?"

Mama, Baba. Mama ambaye hata dukani hatoki siku hizi, aketishwe kwenye lile benchi aulizwe juu ya silaha isiyojulikana.

Tulipotoka nje Mzee Kariuki aliniuliza, "Ile ya pili namba yake iko chini ya mbao, sindio?" Nikasema ndiyo. "Basi si utatoa skrubu tu. Skrubu moja, kwisha." Alinitazama, akarudia: "Skrubu moja tu, Zuhura." Nikatikisa kichwa kukubali, nikaingia kwenye gari lake, na tangu siku hiyo silali vizuri.

Skrubu haitatosha. Mpini ule niliugundisha.

Nimeliandika. Nimekaa nikiitazama hiyo sentensi kwa muda.

Kazini waliposikia kwamba baba yangu alikuwa na bastola za kale na kwamba mimi nilikuwa nachonga mipini yake, kuna kijana aliniuliza, "Sasa msichana kama wewe unapenda nini kwa hizo vitu?" Hakungoja jibu. Alikuwa ameshaniona kichwani mwake nimesimama miguu wazi nikifyatua. Wewe unajua sijawahi kuupenda mlio. Hata kule uwanja wa shabaha nje ya Ruiru nilikuwa nikiziba masikio na kugeuka. Nilichokipenda ni zile saa mbili za kabla ya mlio, chini ya kibanda cha mabati, mkiwa watu sita wenye leseni zenu, blanketi kuukuu limetandikwa mezani, kila mmoja akifungua kitambaa chake polepole kama anayefungua mtoto mchanga. Silinda wazi, tupu, kila mtu aone. Na hakuna aliyeshika ya mwenzake kabla hajamwonyesha viganja vyote viwili na kusema, "Naomba." Wazee wenye wajukuu, wanaombana kwa viganja kama watoto wa madrasa.

Nakukumbuka ukimwambia Mzee Kariuki, mwenye ile yake ya nikeli, "Kariuki, funika hiyo sufuria ya harusi, unatuumiza macho." Naye akakujibu, "Fundi, wewe yako imeiva kama chungu cha githeri, hata risasi inaogopa kuingia." Ulicheka mpaka ukatoa miwani kufuta machozi. Kisha mkarudi kubishana kuhusu rangi ya chuma cha zamani, na inakuwaje haipatikani tena. Mlizungumza saa mbili, mkapiga shabaha dakika kumi.

Ile ya Kiingereza ilikuwa nzito na haina maringo, inakunjika katikati kama mtu anayeinama kuokota kitu. Ile ya Kimarekani ndiyo ulikuwa na wivu nayo. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko wako. Uliinunua kwa karatasi zote kutoka kwa meneja mmoja wa mashamba ya mananasi aliyekuwa akirudi kwao. Ukiisimamisha kwenye mwanga wa mlango huu haikuwa nyeusi wala haikuwa ya samawati, ilikuwa kitu cha kati ambacho sijui jina lake. Nilikuwa kidato cha pili uliponiita hapa, ukaikagua mara tatu kuwa ni tupu, ukaizungusha silinda karibu na sikio langu. "Sikiliza. Sauti sita. Zote ziko sawa?" Nikasema zote ziko sawa. "Mtu aliyeitengeneza alikufa kabla ya babu yako kuzaliwa," ukasema, "na hadi leo kazi yake haijakosea hata mara moja."

Hilo ndilo ninalolipenda kwa hizo vitu. Lakini yule kijana hakungoja.

Hapa karakanani hukuwahi kufanya kazi ya chuma. Miaka yako ya ufundi wa silaha jeshini uliiacha jeshini. "Chuma ni cha mwenye leseni ya ufundi," ulikuwa ukisema, "mimi sasa ni mtu wa mbao." Wenzako walipotaka kuzipamba bastola zao walikuja kwako kwa mipini. Ukanifundisha. Ulikata kipande cha bati nene kwa umbo la kishikio cha bastola, milimita kwa milimita, ili niwe nakitumia kupimia na nisiguse kitu halisi mpaka siku ya mwisho, nayo siku hiyo wewe uwe umeketi kando yangu. Ukaniita Injinia hata kabla sijaenda chuo. Mkono wako wa kushoto ulikuwa ukishika kijisu, wangu wa kulia, na nilipata tabu sana kukuiga, kwa sababu kila kitu chako kililalia upande ule mwingine.

Na sheria yako moja. Mpini haugundishwi. Mbao inashikwa na skrubu na kwa kukaa sawa, basi. "Mpini ni nguo," ulisema. "Nguo huvuliwa. Ukiona fundi ameweka gundi, jua kuna mahali hapakukaa."

Hapakukaa, Baba.

Lile gogo la mutamaiyu, mzeituni wa msituni, kutoka shambani kwa Mzee Kariuki, uliloliandika kwa chaki mwezi na mwaka wa kulipasua, mimi nililikata ncha moja kabla ya wakati wake. Lilikuwa limekauka mwaka mmoja tu kati ya miwili. Nilipolikwaruza niliona mistari yake, myeusi ndani ya rangi ya asali, ikizunguka kama maji yanayoingia shimoni, na siku ya wenzako kukutana kwa mashindano ilikuwa imebaki mwezi mmoja. Nilitaka waione. Nilitaka waniulize nani amenifundisha. Ukaniuliza, "Hii ni ya gogo lipi?" Nikakuambia ni kipande cha zamani nilichokipata chini ya meza. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Nikaichongea ile ya Kimarekani mpini mkubwa wa kuzunguka, wa mbao mbili, unaofunika kishikio chote mpaka chini, pale namba ilipo. Kwenye bati lako ulikaa kama ngozi. Wiki tatu baadaye, siku tuliyouvika bastola yenyewe, mbao ilikuwa imejikunja. Kulikuwa na ufa mgongoni, mwembamba, karatasi mbili zingeingia. Wewe ulikuwa umekaa pale kando, na macho yako yalikuwa yameanza ukungu. Ulikuwa unangoja zamu ya upasuaji na hukutaka tuzungumzie hilo. Hukuuona ufa. Nilikutazama kuhakikisha kwamba hukuuona. Nikachanganya gundi ile ya mirija miwili na vumbi la mbao juu ya kipande cha kadibodi, nikiwa nimekugeuzia mgongo, nikapaka ndani, nikafunga skrubu, nikafuta.

Ukainua kichwa. "Hiyo ni harufu gani, Injinia?"

"Ni ya jana," nikasema. "Nilikuwa naziba droo."

Kisha ukanyoosha mkono nikakupa, ukaishika, ukapitisha kidole gumba mgongoni pale pale, ukasema, "Nzuri." Ukaifungia ndani ya sefu.

Pale Ruiru waliipokea kwa viganja, mmoja baada ya mwingine. Wewe ukawa unasema, "Si mimi, ni binti yangu." Mzee Kariuki akasema nikiolewa mahari iletwe pamoja na gogo. Nilisimama pale nikitabasamu. Nilijiambia nitakuambia wiki hiyo. Halafu nikasema baada ya upasuaji. Halafu ikawa miezi, na kadiri ilivyokuwa miezi ndivyo lilivyozidi kuwa jambo kubwa, na asubuhi ile ya Alhamisi ukaanguka pale bombani ukitawadha.

Leo baada ya swala nilikwenda kwa Mama kumwomba ufunguo. Anao, ameufunga kwenye pindo la leso yake. Nilikuwa nimeshapanga. Ningefungua sefu, ningeutoa mpini peke yangu, polepole, ningeisafisha namba, nirudishe kila kitu, na kesho ingekuwa skrubu moja, kwisha.

"Wa nini?" akaniuliza.

"Nataka kuangalia kitu."

"Wale wamesema zisiguswe."

"Ni dakika tano tu, Mama."

Hakuinua sauti. "Baba yako ameniachia ufunguo, Zuhura. Ruhusa hakuniachia. Wewe una leseni?" Nikasema sina. "Basi kaa chini unywe chai. Na kama kuna jambo la kusema, lina mdomo wa kusemwa."

Sikunywa chai. Nimekuja hapa. Mbele yangu kuna patasi yako ndogo, nimeinoa, na lile bati. Nimekuwa nikipima pale patasi itakapoingia. Gundi ile haikubali, mbao ndiyo itakayokubali. Utapasuka vipande vitatu au vinne. Mkono ukiteleza patasi itaingia kwenye chuma, juu ya tarakimu zenyewe, na namba iliyokwaruzwa nadhani ni mbaya kuliko namba isiyoonekana. Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Nikivunja vizuri, napoteza kitu cha mwisho tulichokifanya pamoja. Nikivunja vibaya, Mama anakwenda kituoni.

Naikunja karatasi hapa. Sina zaidi.

Jumatatu, saa tisa

Baba,

Wamekuja. Wameondoka. Niandike kabla sijaanza kulipanga vizuri kuliko lilivyokuwa.

Inspekta alifika na konstebo mmoja mwenye daftari kubwa. Mzee Kariuki alikuwa ametangulia, amevaa koti lilelile. Mama alitoa ufunguo kupitia kwangu, akabaki chumbani kwake, kando ya karakana, mlango ukiwa wazi kidogo, na nilijua anasikiliza. Sefu ilifunguliwa. Harufu yako ilitoka, ile ya mafuta na flana.

Ile ya Kiingereza ilichukua dakika mbili. Inspekta aliikagua kuwa ni tupu, akaisoma namba kwa sauti, konstebo akaandika. "Hii iko sawa. Lete ya pili."

Akaigeuza huku na huku. "Namba ya hii iko wapi?"

"Iko chini ya mbao, Afande."

"Nani alifunika?"

"Mimi."

Konstebo akainua uso. "Ulifunika namba ya bastola?"

"Ni mtindo," nikasema. "Mpini wa kuzunguka. Wengi wanao." Niliisikia sauti yangu ikiwa nyembamba.

"Mtindo wa kuficha namba," konstebo akasema, bila kumwambia mtu yeyote.

Mzee Kariuki akakohoa. "Ni skrubu moja tu, Madam. Mimi nina leseni, naweza kushika, msichana afungue."

Inspekta akamtazama, akamtazama tena, akampa. Mzee Kariuki kwanza akaonyesha viganja. Kwa mazoea tu, kwa mama wa polisi. Inspekta hakuelewa, lakini mimi nilielewa, na nusura nilie hapo hapo.

Nikachukua bisibisi. Nikaiweka chini tena.

"Afande, kuna kitu lazima niseme kwanza. Skrubu haitatosha. Mpini huu niliugundisha. Itabidi niuvunje kwa patasi, na huenda chuma kikakwaruzika. Kikikwaruzika, ni mimi. Mama hakujua. Baba yangu pia hakujua. Nilimdanganya."

Nje mtu alikuwa anauza mboga akiita. Konstebo aligeuza ukurasa mpya, akaniuliza jina kamili la mama yangu. Mlango wa chumbani ukafunguka zaidi kidogo.

"Ngoja," Inspekta akamwambia. Akavua miwani. "Msichana. Fungua hiyo skrubu kwanza."

"Haitatoka, Afande, nimesema..."

"Fungua."

Nikafungua. Skrubu ilizunguka kirahisi, yenye mafuta, kama iliyofungwa jana. Nikaweka kidole kwenye mbao nikijua haitasogea, na upande wa kulia ukaniangukia kiganjani. Hivyo tu. Wa kushoto nao ukafuata. Mzee Kariuki alikuwa ameushika mtutu kuelekea ukutani, na kishikio kikabaki uchi, chuma kisafi, tarakimu zote pale chini, zinasomeka kama zilizochapwa leo. Inspekta akazisoma moja moja. Konstebo akalinganisha na cheti. "Ziko sawa, Madam."

Sikusikia vizuri. Nilikuwa nimeshazigeuza zile mbao na kutazama ndani.

Hapakuwa na gundi. Ilikwanguliwa yote, mpaka kwenye nyuzi za mbao, kwa kijisu, na alama za kijisu zote zililala upande wa kushoto. Na mgongoni, pale palipokuwa na ufa, palibandikwa kibanzi cha mti wa muiri, chembamba kama ukucha, kimepunguzwa taratibu kuelekea ncha kikafuata mkunjo wote wa mbao yangu mbovu. Kwa nje hukioni. Nilipitisha kidole mara tatu na sikupata pale kinapoanzia. Macho yako hayakuwa yakiona ufa, lakini vidole vyako vilikuwa vimeuona siku ileile, uliposema "nzuri".

Ulijua, Baba.

Inspekta alinipa mpini. "Mbao si silaha," akasema, "chukua." Bastola wakazifunga kwenye mifuko, wakaandika, tukatia sahihi. Akiwa mlangoni akaniambia, "Huyo mzee alikuwa fundi," nikasema ndiyo. Konstebo alimwita Mama kwa sauti ya heshima kumuaga kupitia mlangoni. Mama akaitikia. Hakwenda popote.

Mzee Kariuki alibaki. Alikaa kwenye stuli ya wateja, akatoa leso, akajifuta uso muda mrefu.

"Alikuja kwangu Jumamosi moja, baada ya yale mashindano," akasema. "Amebeba drai ya nywele ya mama yako kwa mfuko wa plastiki. Mimi nikamwambia, Fundi, umekuja kutengenezwa nywele gani, na wewe ni kipara? Akaniambia nyamaza, lete meza. Akapasha hiyo gundi mchana mzima mpaka ikalegea. Drai ikaungua. Akaniambia niitupe."

Nikacheka. Nilicheka, Baba, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, na kutoka chumbani Mama akasema, "Si nilijua," ingawa alichojua ni kingine kabisa.

Kisha nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Wiki tatu hizi zote, alipokuwa akiona sura yangu.

"Alinikataza. Alisema, 'Usimwambie, Kariuki. Atakuja mwenyewe.'" Akaikunja leso. "Kila Jumamosi nilikuwa namuuliza. Fundi, amekuja? Ananiambia bado."

Bado.

Nimeketi na neno hilo tangu waondoke. Kibanzi ningeweza kukipokea. Msamaha wako ningeweza kuupokea, ulikuwa umeshaufanya kwa mikono yako ukaufunga kwa skrubu. Lakini kila Jumamosi ulirudi hapa, nikakuletea chai, tukakaa wawili kwenye chumba hiki, nami nikazungumza juu ya vifuniko vya mikebe. Ulikuwa ukiniuliza, "Na nyingine?" Nilidhani ni mazoea ya kusema. "Na nyingine, Injinia?" Nikasema hakuna nyingine.

Ningependa ungenigombeza. Naandika hivi nikijua si haki. Ulinipa nafasi ya kuwa mtu mzima, nami nikaitumia kunyamaza. Lakini nimekasirika kidogo, na ninakuambia, maana nimechoka kukuficha vitu.

Mama ameshajua yote, alisikia kupitia mlangoni. Alichosema ni, "Baba yako naye, si angeninunulia nyingine." Kisha akaniomba mpini, akauweka mapajani, akawa anaupapasa mgongoni akitafuta kibanzi. Hajakipata. Bado anatafuta.

Sefu iko wazi, tupu, na ndani yake nimeweka lile bati lako. Sikujua pengine pa kuliweka.

Gogo la mutamaiyu liko pale ulipoliacha. Chaki yako bado inasomeka, ni mwaka kesho. Nimeifuata kwa kalamu ya rangi, herufi kwa herufi, isije ikafutika, na sitaligusa mpaka mwezi huo. Mzee Kariuki anataka mpini kwa ile sufuria yake ya harusi. Amesema atangoja. Atakuja nayo mwenyewe, ataishika mwenyewe, nami nitafanya mbao tu. Nakuahidi kwamba haitakuwa na gundi. Na mbao ikinishinda, maana itanishinda mahali fulani, nitampelekea kosa langu siku hiyohiyo, kabla hajaniuliza kitu.

Pumzika, Baba. Ijumaa nitakuja makaburini baada ya kazi, nikung'olee majani, nikuombee. Barua hii nitaikunja niiweke kati ya zile mbao mbili, pale kishikio kilipokuwa, nifunge skrubu. Inafunguka kwa bisibisi.

Na uliniuliza, hiyo ni harufu gani.

Ilikuwa gundi, Baba. Nimekuja.

Zuhura